Tairi Likipasuka Barabara ya Kusini, Mguu Uwe Wapi?

Saa nane mchana, jua la Desemba likiwa utosini, gari linaingia kujaza upepo pale Mnazi Mmoja ya Lindi, njia panda ya kwenda Masasi. Dereva anamwambia kijana wa kompresa: "Punguza kidogo, litapasuka na hili joto." Ushauri huu madereva wameurithishana kwa nia njema kabisa, na wengi hawajawahi kuutilia shaka. Lakini ndio unaopasua matairi.

Kweli, hewa ikipata joto hutanuka. Kwa tairi la gari dogo, upepo hupanda kama PSI 1 (kile kipimo cha upepo kwenye geji) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Tuseme kibandiko kwenye mlango wa dereva kinataka PSI 33, na umejaza hivyo alfajiri Mtwara mjini, gari likiwa limelala. Ukifika Lindi, baada ya kilometa zaidi ya 100, geji inaweza kusoma 37 au 38. Hapo hakuna kilichoharibika. Aliyeandika 33 alishajua kwamba tairi litapata moto, ndiyo maana kipimo hicho ni cha tairi la baridi. Ubavuni mwa matairi mengi ya magari madogo pameandikwa kikomo cha PSI 44 au 51, na tairi zima lina akiba kubwa hata juu ya hapo. Sasa mwambie kijana alirudishe 33 wakati ni la moto. Usiku likipoa litasoma 28, na kesho yake utaondoka na upungufu wa PSI 5 huku ukiamini umejiokoa.

Upungufu huo ndio hatari yenyewe. Tairi lenye upepo mdogo hulala chini na ubavu wake hukunjika zaidi kila linapogusa lami. Chukua tairi la IST, 185/65R15. Mzingo wake ni karibu mita 1.95. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa linazunguka mara 14 kila sekunde, na katika kila mzunguko kila sehemu ya ubavu inakunjwa na kunyooka. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 51,000. Anayetaka kuona kazi hiyo ikoje achukue kipande cha waya wa kufungia nondo, akikunje na kukinyoosha haraka haraka mahali pamoja, kisha apaguse. Pana moto. Akiendelea kidogo, kinakatika.

Ndani ya tairi hali ni hiyohiyo. Joto linatoka kwenye kule kukunjika, jua la Lindi linaongezea tu. Likizidi, mpira hulegea na kuachia nyuzi za ubavuni pamoja na mikanda ya waya wa chuma iliyo chini ya kashata, ule mpira wenye mifereji unaogusa lami. Dereva hasikii kitu. Tairi linaweza kuanza kuachana ndani karibu na Somanga likapasuka mbele ya Kiranjeranje, na wote garini wakaapa kwamba limepasuka ghafla.

Uzito unafanya kazi ileile ya upungufu wa upepo. Noah nyingi huvaa 195/65R15, na baada ya ukubwa huo utaona namba kama 91. Hiyo si mapambo. 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, likiwa limejazwa ipasavyo. Manne ni kilo 2,460. Gari lenyewe lina kama tani moja na nusu. Weka watu wanane wa kilo 70, unafika kilo 2,060. Bado magunia mawili ya korosho nyuma, ndoo za samaki na muhogo wa shangazi juu ya keria. Hesabu ya jumla inaweza kuonekana imekubali, lakini mzigo hausambai sawa: karibu wote umekalia ekseli ya nyuma, ambayo matairi yake mawili hayana zaidi ya kilo 1,230. Ongeza ule upungufu wa PSI 5, halafu kimbia kwenye nyoofu za baada ya Nangurukuru.

Sababu nyingine ni umri. Kwenye ubavu tafuta maandishi yanayoanza na DOT, mwisho wake kuna namba nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata ndefu ya kuvutia na bado likawa limezeeka, kwa sababu mpira hukauka hata ukiwa umesimama. Likipita miaka 6 likaguliwe kila mwaka. Likifika 10 litolewe hata kama ni spea ambayo haijawahi kugusa lami. Kashata yenyewe ikibaki milimita 1.6, sawa na vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji, imekwisha. Na yule anayechonga mifereji mipya kwa kisu cha moto kwenye tairi kipara anapunguza mpira uliobaki juu ya waya. Hilo ni tairi kipara lenye nakshi.

Mashimo nayo yana namna yake. Gurudumu likiingia kwenye shimo lenye ukingo mkali, ubavu hubanwa kati ya rimu na ukingo huo, nyuzi hukatika kwa ndani, na baada ya siku kadhaa nundu hutokeza kama jipu. Madereva wa njia hii waliona mengi baada ya mvua za kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, zilipokata barabara wilayani Kilwa na magari yakawa yanapitishwa juu ya mawe na vifusi. Tairi lenye nundu halina fundi. Ni la kubadilisha palepale ulipoliona.

Pancha, kubanduka na kupasuka

Watu husema "tairi limepasuka" kwa mambo matatu tofauti. Pancha ni upepo kutoka taratibu kwa sababu ya msumari. Usukani unakuwa mzito, gari linaegemea upande, na una muda wa kutosha wa kutafuta mahali. Kubanduka ni pale kashata inapoachana na mwili wa tairi. Huku hutangulia dalili: mtikisiko unaoongezeka kadiri unavyokwenda, mlio wa du-du-du unaofuata mwendo wa gurudumu, pengine harufu ya mpira kuungua. Ukisikia hivyo usisubiri kufika Mchinga. Simama, zunguka gari, pitisha kiganja karibu na kila tairi bila kuligusa, usikie lipi lina moto kuliko wenzake. Kupasuka kwenyewe ni mshindo, upepo wote kwisha chini ya sekunde moja, kisha mpira kupiga bodi kwa kelele inayowatia watu wazimu.

Likipasuka la mbele, utalisikia mikononi. Usukani unavuta upande wa tairi lililokufa. Kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo la kushoto linakuvuta porini na la kulia linakuvuta kwenye njia ya lori linalokuja. La nyuma utalisikia kiunoni: kiti kinayumba, mkia unatembea kushoto na kulia. Wengi huogopa zaidi la mbele, lakini la nyuma ndilo linalozungusha gari.

Mguu

Mwili wa binadamu ukisikia mshindo unakanyaga breki. Huo ndio mguu unaopindua gari. Breki hufanya mambo mawili kwa pamoja: inahamishia uzito mbele, na inataka kila gurudumu lishike lami. Kama limekufa la mbele, uzito huo unaangukia rimu, na rimu inavuta upande wake kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Kama limekufa la nyuma, mkia ambao tayari umepoteza mshiko unafanywa mwepesi, na mkia mwepesi unataka kutangulia kichwa.

Kwa hiyo mguu ubaki kwenye mafuta, palepale ulipokuwa, kwa sekunde moja au mbili. Inasikika kama wazimu. Tairi lililopasuka ni kama nanga iliyotupwa upande mmoja wa gari, na nguvu ya injini inayoendelea kuvuta ndiyo inayolinyoosha wakati mikono yako inapata akili. Shika usukani kwa mikono miwili, mmoja kushoto mwingine kulia, usawa wa katikati. Uelekeze mbele ndani ya njia yako, kwa kusahihisha kidogo kidogo. Gari likishanyooka, achia mafuta polepole kama mtu anayevua kiatu chenye jiwe. Lile tairi bovu lenyewe ni breki tosha. Kwenye gari la gia za mkono usikanyage klachi wala usirudishe gia kwa pupa. La otomatiki acha kwenye D. Breki iguse kwa ulaini mwendo ukishashuka kama kilometa 30 kwa saa.

Kosa la pili ni kukimbilia pembeni. Ukivuta usukani kwa nguvu ukiwa na kilometa 90, Noah, Hiace au Prado, magari yenye kimo kirefu, yanaweza kulala ubavu kabla hayajatoka barabarani. Na katika barabara hii kuna mtego mwingine: sehemu nyingine ukingo wa lami umemomonyoka, na chini yake kuna udongo au mchanga uliozama kwa kimo cha kiganja. Magurudumu ya kushoto yakitumbukia humo, dereva huvuta kulia ili apande tena. Ukingo unazuia, anaongeza kuvuta, kisha tairi linapanda kwa kishindo usukani ukiwa tayari umekatwa, na gari linavuka hadi upande wa pili. Ukishatumbukia, baki huko huko. Acha mwendo ufe, nyoosha usukani, kisha panda taratibu ukishaona hakuna gari.

Kwa lori kanuni ni ileile, ila lina siri yake. Matairi pacha ya nyuma yakipasuka moja, hasa la ndani, dereva anaweza kwenda kilometa nyingi bila kujua, na pacha aliyebaki anabeba mzigo wa wawili hadi anawaka moto. Ndiyo maana tandiboi mzuri hushuka kila kituo na nondo yake akigonga tairi moja moja. Lenye upepo hurudisha nondo kwa mlio mkavu. Lisilo na upepo linaipokea kimya.

Mahali pa kusimama

Nenda polepole juu ya rimu, hata mita mia kadhaa, mpaka upate penye udongo mgumu, tambarare, panapoonekana kutoka mbali. Rimu itaharibika. Rimu inanunulika. Usisimame kwenye kona, wala mara tu baada ya kilele cha kilima, wala darajani.

Washa hazadi. Abiria wote washuke kwa mlango wa kushoto na wakae mbali na lami, nyuma ya gari na pembeni, si mbele yake ambako gari likigongwa kwa nyuma litawaangukia. Pembetatu ya kuakisi mwanga iwekwe hatua 100 nyuma. Hatua 20 hazifai: gari lenye mwendo wa kilometa 80 linakula mita 22 kila sekunde, na dereva wake hajaanza hata kuinua mguu. Ukiwa karibu na kona, pembetatu iwe kabla ya kona. Matawi ya miti ni lugha inayoeleweka na kila dereva wa kusini, na yanafaa kama nyongeza mchana. Usiku hayaakisi kitu. Yang'oe ukiondoka, pamoja na mawe uliyoziba nayo magurudumu. Pikipiki zinazokutana na jiwe lililosahauliwa saa mbili usiku haziponi. Kukiwa na majeruhi, polisi ni 112, zimamoto 114.

Kubadilisha, na pale panapoharibika

Vuta hendibreki, weka gia ya kwanza au P, ziba kwa mawe gurudumu lililo mshazari na lile bovu. Legeza kila nati nusu mzunguko wakati tairi bado liko chini. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka nawe utalitikisa gari lililo juu ya jeki.

Jeki ndiyo inayowashinda wengi huku mwambaoni, kwa sababu ya mchanga. Inazama upande mmoja, inainama, gari linaporomoka. Beba kipande cha ubao mgumu cha sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 4, ukae chini yake. Pa kuweka jeki ni kwenye ukingo wa chuma chini ya mlango, katikati ya vile vikato viwili vilivyo karibu na gurudumu. Inua mpaka tairi bovu liachie ardhi, kisha ongeza kama sentimita 10, maana spea yenye upepo ni nene kuliko tairi lililolala. Ukishalitoa tairi bovu, lisukume chini ya ubavu wa gari. Jeki ikianguka, gari litakalia tairi, si mkono wako.

Nati za rimu nyingi zina upande uliochongoka. Upande huo unaingia ndani, kwenye rimu. Zifunge kwa mkono kwanza, halafu kwa spana, ukiruka kutoka moja hadi ile inayotazamana nayo, kwa mtindo wa nyota. Ukizifuata kwa mzunguko rimu itakaa upande. Shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu. Nguvu kiasi gani? Toyota ndogo nyingi zinataka nyutonimita 103. Kwa spana ya sentimita 30 hiyo ni sawa na kukandamiza mwisho wake kwa uzito wa kilo 35. Mtu wa kilo 70 anayepanda juu ya spana anaweka mara mbili ya hapo, na akirukaruka ni zaidi. Studi zinavutika, na safari nyingine zinakatika. Baada ya kilometa 50 simama, kaza tena. Rimu mpya huwa inajiweka sawa, na nati zilizokuwa ngumu Lindi zinaweza kukutwa zimelegea Mchinga.

Yote haya yanadhani spea ipo na inafikika. Magari mengi yaliyoagizwa Japani hufika bila jeki wala spana, na lile ambalo lina loki nati, zile za kuzuia wizi wa rimu, linaweza kufika bila ufunguo wake. Spea inayoning'inia chini ya gari kwa mnyororo ina adui wa pekee Mtwara na Lindi: hewa ya chumvi. Mnyororo na kikonyo chake hushikana kutu, na dereva anajua hilo akiwa porini. Ishushe nyumbani kila baada ya miezi mitatu, pakaa grisi, jaza upepo PSI 5 juu ya kawaida kwa kuwa spea hupungua yenyewe. Ile spea nyembamba ya muda inataka PSI 60 na haipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Mtu anayeifunga akakimbia nayo hadi Dar anaandaa mpasuko wa pili.

Kwa fundi pancha

Nangurukuru, Mnazi Mmoja, Ndanda, Masasi, hukosi fundi. Swali ni umruhusu afanye nini. Tundu la msumari kwenye kashata, lisilozidi milimita 6, linazibika vizuri kwa kiraka cha ndani. Ubavu hauzibiki, hata kama fundi anao uzi wa kushonea na kipande cha tairi kuukuu cha kukazia ndani. Kushona kunashika upepo. Mzigo hakuushiki, kwa sababu nyuzi zilizokatika ndizo zilizokuwa zinaubeba. Tairi lililotembea bila upepo hata kilometa moja, mwambie alivue akuoneshe ndani. Akikuta unga mweusi wa mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu, limekwisha, hata kama nje linang'aa. Kuliwekea tyubu hakulifufui.

Kwenye malori ukaguzi huo ni wa kuokoa maisha ya fundi mwenyewe. Tairi linalojazwa PSI 100 na zaidi, likiwa limetembea na upepo mdogo, linaweza kufumuka ubavuni wakati wa kujazwa, na rimu za ringi zinaweza kuitupa ringi. Mpira wa kompresa uwe mrefu, fundi asimame upande wa kashata, na watoto wanaopenda kutazama waondoke.

Ukilazimika kununua matairi mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Likifa la mbele mikono itakuambia na itafanya kitu; mkia ukiondoka, usukani hauna cha kuurudisha. Mafundi wengi huyapeleka mbele kwa mazoea, kwa hiyo mwambie kabla hajafungua nati.